Parafujo

Baba yake Duarte alikuja na kofia ya zimamoto,
tukaivaa kwa zamu, hadi Mwalimu Eulália.
Mama yake Iolanda, daktari wa wanyama,
alileta bundi mwenye bandeji bawani.
Kisha akaingia mama yangu
na mfuko wa plastiki,
na ndani ya mfuko, parafujo.

Nilitamani dawati linimeze.

"Nauza hizi," akasema. "Kiwanda ni kile cha ng'ambo ya daraja,
wanunuzi wako nchi za mbali."
Salvador akauliza, huko mbali hawana parafujo zao?
"Wanazo," akajibu. "Hapo ndipo kazi yangu inapoanzia."

Akatugawia moja moja, baridi kama samaki wa barafuni.
"Haya, kila mtu amwuzie jirani yake."
Darasa likageuka gulio.
Benedita akanadi mpaka sauti ikamkauka,
Duarte akaapa kwamba yake ni ya dhahabu.
Hakuna aliyenunua.

Zulmira tu, yule ambaye hata jina lake likiitwa
huitika kwa kuinua kidole,
alimgeukia Rui, akamwuliza polepole:
"Kwenu nyumbani, kitu gani kinalegea?"
"Kiti cha bibi," Rui akasema.
"Mguu gani?"

Mama akachuchumaa karibu nao
kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Ndipo akatusimulia.
Kwamba huamka saa kumi na moja alfajiri,
maana Osaka wameshakula chakula cha mchana.
Kwamba Busan kadi hupokewa kwa mikono miwili
na husomwa kabla ya kutiwa mfukoni.
Kwamba mwaka mmoja kontena zima lilifika Gdańsk
na hesi zimechongwa kushoto badala ya kulia,
akapanda ndege kwenda kusema maneno matatu:
kosa ni letu.
Mnunuzi akanyamaza miezi kumi na minne.
Mwezi wa kumi na tano akaagiza mara mbili.

(Mwezi ule wa Busan nilitimiza miaka tisa.
Alinipungia mkono ndani ya simu,
nyuma yake taa za mji nisioujua.
Hilo hakulisema darasani.
Nami sikulisema.)

"Siku nyingine," akaendelea, "nilipiga simu Tanga,
mji nilioujua kwa ramani tu.
Nikamwambia yule bwana, nauza *parafuso*.
Akacheka. 'Parafujo?' akauliza.
Nikadhani simu inakwaruza.
Kumbe neno letu lilinitangulia miaka mia kadhaa,
limevua sauti moja, limevaa nyingine,
limepata wajukuu, halina habari ya kurudi."

Tukacheka. Tukalisema wote: parafujo, parafujo.

"Akanitajia na jingine," mama akasema. "Gereza.
Hilo nalo wanasema lilitoka kwetu,
wala hakuna aliyeliagiza."
Mwalimu Eulália akatazama dirisha.
Kicheko kikajikunja chenyewe.

"Ukasemaje?" nikauliza. Ndilo neno langu la kwanza tangu asubuhi.
"Sikusema. Siku ile sikuuza kitu, nilisikiliza.
Kabla ya kukata simu akaniambia, biashara haigombi, bibi,
nipigie Jumatatu.
Nikapiga Jumatatu."

Kengele ikalia.
Wote wakamkimbilia bundi.
Zulmira akabaki, parafujo kiganjani,
akaigeuza, akaifuata hesi kwa ukucha
kuanzia kichwani hadi nchani.
"Bei gani?" akauliza.
Mama akamtajia.

Zulmira akatikisa kichwa kidogo,
akanyamaza,
akasubiri.